Spitfire Yangu na Meza ya Siku ya Afrika

Nitaingia kwenye hoja moja kwa moja, maana mhariri wetu ana mkasi mkali na mimi nina maneno mengi.

Wiki tatu zilizopita kamati ilikaa kupanga meza ya maonyesho ya Siku ya Afrika, tarehe 25 Mei. Kila mmoja aliombwa alete kitu. Waganda wakasema wataleta ngoma na mikeka, dada mmoja wa Mombasa akaahidi kanga na mbuzi ya kukunia nazi, Wanigeria wakaahidi vitambaa na wali wao ambao kila mwaka unatuletea ugomvi na Waghana. Mimi nikasema nitaleta ndege. Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa Kibongo. Nikatoa simu, nikawaonyesha picha. Kicheko kikakatika.

Ndege yenyewe ni Spitfire, ile ya kivita ya Waingereza ya wakati wa vita vya Hitla. Nimeijenga kwa mikono yangu kwa muda wa miaka miwili, na inaruka kwa rimoti. Siku mbili baada ya kikao nikapokea ujumbe wa heshima kutoka kwa Dada Mwenyekiti: kamati inaniomba niiache nyumbani. Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, ni silaha. Pili, ni ndege ya mkoloni. Tatu, ni mchezo wa wazee wa Kizungu wenye nafasi na hela, hauna uhusiano wowote na Afrika.

Dada Mwenyekiti namheshimu, na sababu zake si za kipuuzi. Hata mimi nilishajiuliza maswali hayo usiku nikiwa nimeshika msasa mkononi. Lakini mkutano mkuu ndio utakaoamua, na kabla hamjanyoosha mikono naomba mnisikilize.

Nieleze kwanza nilivyoingia kwenye jambo hili, maana chanzo chake ni aibu. Nilipofika hapa Uingereza kuanza shahada ya uzamivu nilikuwa na miaka ishirini na saba, na vyeti viwili vya uhandisi vyenye alama nzuri tu. Wiki ya kwanza katika karakana ya idara, fundi mmoja mzee alinipa kipande cha alumini, tupa na kipimo, akaniambia nitengeneze kishikio cha kufungia kifaa changu cha majaribio, kosa lisizidi nusu milimita. Niliharibu vipande vitatu. Mzee hakunicheka. Alichukua tupa, akanionyesha jinsi ya kusimama, maana hata kusimama mbele ya jiliwa nilikuwa sijui. Jamani, mhandisi mzima! Usiku ule niliwaza mafundi wa Gerezani pale Dar, ambao wangekimaliza kile kishikio huku wakibishana kuhusu Simba na Yanga.

Fundi huyo ndiye aliyenialika Jumamosi moja kwenye uwanja wao wa kurushia ndege ndogo. Nilikuta wazee, kweli, na thermos zao za chai. Lakini nilikuta pia kitu ambacho sikuwa nimekigusa tangu nikiwa mtoto Tanga. Kumbukeni, sisi tulikuwa tunatengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona, matairi ya kandambili zilizochoka. Tulitengeneza tiara za karatasi na njiti za makuti, na mtoto aliyekosea kufunga mkia aliiona yake ikizunguka kama kuku aliyechinjwa mpaka ichanike. Ule ulikuwa uhandisi. Halafu tukapelekwa shule, na kadiri tulivyopanda darasa ndivyo mikono ilivyokaa bure. Pale uwanjani niliona wanaume wa miaka sabini ambao mikono yao haijawahi kukaa bure, nikaona wivu.

Basi nikanunua ramani ya Spitfire aina ya tano, kwa vipimo vya moja kwa sita. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Yangu ni mita 1.87. Urefu wake ni kama mita moja na nusu. Mabawa yanachomoka, kwa hiyo yanalala juu ya kabati langu, na mwenzangu wa nyumba, kaka mmoja wa Mbeya, amezoea kuishi na harufu ya gundi.

Hapa naomba nikae kidogo, maana watu wengi wakisikia ndege ya rimoti wanafikiri ni ile ya kununua kwenye boksi, unatia betri unarusha.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba ukipunguza kipimo, maumbile hayapungui kwa pamoja. Upana ukigawanywa kwa 6, eneo la bawa linagawanyika kwa 36, na uzito, ambao unafuata ujazo, unagawanyika kwa 216. Spitfire ya aina ya tano ikiwa imejaa mafuta na silaha ilikuwa na karibu tani tatu. Gawa kwa 216 unapata karibu kilo 14. Ukijenga ya kilo 14 itaruka, lakini itatua kwa kasi ya kuvunja moyo na miguu yake. Yangu ni kilo 6 na nusu. Ndege halisi ilikuja kutua kwa karibu kilomita 140 kwa saa, yangu inakuja kwa karibu 40, kama bajaji isiyo na abiria. Mambo haya niliyasoma chuoni na nikayajibu kwenye mtihani. Kuyaelewa nimeyaelewa siku nilipoweka mbao kwenye mizani nikaanza kutafuta gramu za kupunguza.

Halafu kuna bawa. Bawa la Spitfire ni la duaradufu, linapungua kwa kujipinda mpaka nchani, kwa hiyo kila ubavu wa ndani una umbo lake. Upande mmoja hakuna mbavu mbili zinazolingana. Zote nilizikata kwa kisu kutoka kwenye mbao za balsa. Na juu ya hapo bawa lenyewe limesokotwa. Shinani limeinuliwa digrii mbili, nchani limeshuka nusu digrii chini ya sifuri. Kwa nini? Kwa sababu ndege ikipunguza mwendo mno bawa huacha kubeba, na wajenzi walitaka sehemu ya shina iache kwanza huku ncha zikiendelea kushika. Rubani anasikia ndege ikitetemeka, anapata onyo kabla mambo hayajaharibika. Katika ndege yangu ncha ya bawa ina upana kama kiganja, na pale kosa la milimita mbili tu ni digrii nzima. Bawa langu la kulia lilikauka na kosa la milimita moja na nusu. Nilijidanganya kwa siku nne kwamba haitaonekana. Siku ya tano nikachukua kisu nikalikata. Wiki tatu za kazi zikaingia kwenye pipa la taka. Wahandisi wenzangu mnaosoma hapa, niambieni ni lini mara ya mwisho hesabu yenu iliwadai kitu mlichokijenga kwa wiki tatu. Kwenye kompyuta unabonyeza ufutio, basi.

Kuna kisa kimoja cha Spitfire ninachokipenda kuliko vyote. Wajenzi wa ndege za mwanzo walitaka kujua kama kuna ulazima wa kutumia ribiti zilizolala sawa na bati, ambazo zinachukua muda na gharama, au zile za kawaida zenye kichwa zinatosha. Unajua walipimaje? Walichukua njegere kavu zilizopasuliwa, za jikoni, wakazibandika kwa gundi juu ya kila ribiti ya ndege ili zifanane na vichwa, wakairusha. Mwendo ukapungua kwa karibu kilomita 35 kwa saa. Kisha wakawa wanazibandua mstari kwa mstari, wanarusha tena, mpaka wakajua ni wapi ribiti ya kulala inahitajika na wapi haihitajiki. Njegere! Nikisikia mtu nyumbani anasema hatuwezi kufanya utafiti kwa kukosa vifaa, nazikumbuka zile njegere.

Ndiyo maana ndege ya aina ya tano ina ribiti zilizolala kwenye mabawa, na nyuma ya chumba cha rubani ina ribiti zenye kichwa. Kwenye yangu nilifunika mbao kwa kitambaa chembamba cha faibaglasi, nikapaka praima, nikapiga msasa, nikapaka tena, nikapiga tena. Mistari ya mabati niliitengeneza kwa utepe mwembamba: unabandika, unapaka praima juu, unabandua, unabaki mfereji mwembamba kama unywele. Ribiti za nyuma ni matone ya gundi nyeupe, moja moja, kwa bomba la sindano. Usiku kucha tone, tone, tone, huku nikisikiliza taarabu. Ukizidisha tone linakuwa chunusi, unafuta unaanza tena.

Rangi nayo ina somo lake. Ndege mpya yenye rangi safi inaonekana kama mwanasesere. Ndege iliyofanya kazi ina masizi nyuma ya mabomba ya moshi, ina mafuta yaliyochirizika tumboni, na kwenye shina la bawa la kushoto rangi imekwanguka mpaka bati linang'aa, kwa sababu mlango wa rubani uko upande huo na ndipo buti zilipokanyaga. Nilikwenda mara mbili kwenye makumbusho ya RAF pale Hendon, London, ambako kiingilio ni bure na wana Spitfire ya aina hii hii, nikapiga picha mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Ukichora mchubuko wa buti unalazimika kumfikiria mtu aliyevaa buti. Hapo ndipo hoja ya Dada Mwenyekiti inapoanza kunihusu, na hapo ndipo jibu langu linapoanza.

Nilipofika hatua ya kuchagua herufi za ubavuni, wazee wa uwanjani walinipa ushauri mwingi wa vikosi maarufu. Nikaenda maktaba. Nikakuta kwamba kikosi namba 72 cha RAF kiliitwa Basutoland, yaani Lesotho ya leo. Namba 249 kiliitwa Gold Coast, Ghana ya leo. Na namba 91, kilichoruka kwa Spitfire kutoka Hawkinge, kule Kent karibu na mlangobahari, kiliitwa Nigeria. Herufi zake ni DL. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Nimesoma historia ya vita hivyo tangu sekondari, nimeketi hapa nchini miaka mitatu, hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Majina hayo hayakutolewa kwa mapenzi. Yalitolewa kwa sababu ya hela. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba anayetoa pauni 5,000 amenunua Spitfire moja, ingawa gharama halisi ilizidi hapo, na mchangaji angeweza kuandikiwa jina kwenye ndege. Vijiji vya hapa vilichanga, viwanda vilichanga, na makoloni nayo yakachanga. Wakulima na wafanyabiashara wa nchi ambazo hazikuwa na kiwanda hata kimoja cha ndege waliwanunulia ndege watu waliokuwa wanawatawala. Wengine walitoa kwa moyo, maana walimwogopa Hitla na walikuwa na haki ya kumwogopa. Wengine, nadhani, walitoa kwa sababu bwana shauri na chifu walipopita na daftari haikuwa rahisi kusema hapana. Sisi tunaojua michango ya lazima iitwayo hiari tunaelewa.

Sasa sikilizeni hili. Hadi Oktoba 1939 sheria za RAF hazikumruhusu mtu asiye wa asili ya Ulaya tupu kupewa uofisa. Vita vilipoanza ndipo wakalegeza, na walilegeza kwa muda wa vita tu. Maana yake ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya michango ile, kijana wa Ibadan au wa Maseru asingekubaliwa kuwa ofisa rubani wa ndege iliyobeba jina la nchi yake, hata awe na macho ya mwewe na hesabu kichwani.

Kwa hiyo nikapaka DL.

Nije kwenye hoja ya mkoloni. Dada Mwenyekiti anasema ndege hii ni yao. Mimi nasema imelipiwa na sisi pia, na aliyelipa ana haki ya kuitazama, kuigusa na kuuliza maswali. Tukiiacha ibaki yao peke yao, tunawasaidia kuisimulia hadithi wanavyopenda: kisiwa kidogo kilichosimama peke yake. Hakikusimama peke yake. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya. Alikwenda Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, na chakula chao walikuwa wanadondoshewa na ndege kwa sababu njia ilikuwa matope matupu. Alikuwa akisema kwamba mpaka leo akisikia ndege tumbo linanguruma, hajui kama ni njaa au ni hofu. Amekufa bila nishani ukutani na bila ukurasa kwenye kitabu chochote cha shule niliyosoma. Tukiondoa mezani kila kitu ambacho mkoloni alikigusa, tutamwondoa na babu yangu, maana hata kofia yake ilikuwa ya mkoloni.

Hoja ya silaha ni nzito zaidi, na sitaki kuikwepa. Spitfire ilitengenezwa ili iue. Bunduki nane za aina ya kwanza, na katika aina hii mizinga miwili ya milimita 20 na bunduki nne, hazikuwekwa kwa urembo. Nimechonga mizinga hiyo kwa vijiti na mirija ya shaba, na nakiri kwamba nilifurahi ilipotokea vizuri, kisha nikajishangaa. Kati yetu humu wako wenzetu kutoka Kongo na Burundi ambao hawakuhitaji makumbusho kuijua silaha. Mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba yeye akisikia mlio wa injini angani bado anatafuta ukuta. Kwake yeye sina hoja ya kumshinda. Nimemwahidi kwamba siku ya maonyesho injini haitawashwa, na ndege itakaa upande wa ndani, mtu asiyetaka kuiona asilazimike kupita mbele yake. Lakini pia aliniambia, "Kaka, weka maandishi, usiiweke kama pambo." Nadhani amesema kweli kuliko kamati na kuliko mimi. Nimeandika kadi. Itaeleza ni kikosi gani, nani walichanga, nani hawakuruhusiwa kuirusha, na kwamba iliua watu.

Hoja ya tatu ni ya hela na muda. Hapa nitasema ukweli wote. Kwa miaka miwili nimetumia kama pauni 700, na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 30, ndugu wa ile ya msumeno wa mnyororo, niliinunua mkononi kwa mzee aliyekuwa anaacha mchezo. Pauni 700 ni hela. Wote tunajua simu za nyumbani zinazoanza na "habari za masomo" na kuishia kwenye ada ya mdogo wetu. Nilikuwa nabeba boksi usiku wa Ijumaa na Jumamosi kwenye ghala, na kila mwezi nikitoa pauni ishirini au thelathini za gundi na mbao nilikuwa nazihesabu mara mbili. Kuna mwezi nilituma pungufu. Mama hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulinichoma. Sitamwambia mwanafunzi yeyote afanye nilivyofanya bila kupiga hesabu. Ninachosema ni kwamba wenzangu waliotumia kiasi hicho hicho kwa viatu, simu mpya na safari za kwenda kwenye sherehe London hawajaombwa na kamati yoyote wajieleze.

Na mchezo wa wazee wa Kizungu? Ni kweli pale uwanjani mimi ndiye Mwafrika pekee, na wiki za mwanzo mmoja alidhani nimekuja kukata majani. Lakini ndege yangu iliporuka mara ya kwanza, mwezi Oktoba, wote waliacha chai zao wakasimama mstarini. Nilikuwa nimeshasajiliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, mtihani nimefaulu, bima ninayo, na gramu 350 za risasi, yaani madini ya risasi, zimefungwa puani kwa sababu Spitfire ina pua fupi na bila hizo mkia ungezidi uzito. Niliongeza moto. Ikavuta kushoto kama zilivyovuta zile za kweli, nikakanyaga usukani kulia kwa kidole gumba, mkia ukainuka, na mara nikaona nyasi chini ya magurudumu. Nilizunguka uwanja mara sita. Mikono ilitetemeka hivi kwamba yule fundi mzee alinishika bega ili nisimame sawa.

Kutua ndiko kulikoniadhibu. Miguu ya Spitfire iko karibukaribu, imefungwa shinani na inakunjika kwenda nje, kwa hiyo ardhini ni kama mtu aliyevaa sketi ya kubana. Iligusa vizuri, ikakimbia mita kumi, gurudumu likakuta kishimo, ikapiga pua. Propela ikavunjika na kidevu cha injini kikapasuka. Nikaokota vipande. Wazee hawakunipa pole, walinipa gundi. Ule ufa upo mpaka leo chini ya rangi, ukipitisha kidole unausikia, na siku ya maonyesho nitauonyesha kwa mtu yeyote atakayeuliza.

Sasa niseme linaloniuma hasa, maana ndege ni kisingizio tu. Wengi wetu hapa tunasoma uhandisi, na tutarudi, inshallah, kuwa mabosi wa watu. Kamukunji pale Nairobi, Katwe pale Kampala, Gerezani pale Dar, kuna watu wenye mikono na hawana vyeti. Sisi tuna vyeti na hatuna mikono. Tukirudi tutakaa ofisini kwenye kiyoyozi tukisaini ripoti za mitambo iliyotoka nje, na fundi atakapotuambia bosi hii haitakaa, hatutajua kama anasema kweli. Kosa la milimita mbili hatutaliona, maana hatujawahi kulilipia. Mimi nimelilipia kwa wiki tatu na bawa zima. Hilo halikuwa kwenye mtaala wangu wowote, nyumbani wala huku.

Kwa hiyo ninaleta maombi mawili kwa mkutano mkuu. La kwanza, ndege ikae mezani pamoja na kadi yake, katikati ya ngoma na mbuzi ya nazi, na anayetaka kuipinga asimame pembeni yake aseme, nitamwachia nafasi. La pili, chama kitafute chumba na meza moja Jumamosi asubuhi, tuanze karakana yetu. Yule fundi mzee amekubali kuja kutufundisha kushika tupa, bila malipo, chai tu. Hahitajiki kuwa mhandisi. Dada wa fasihi na kaka wa sheria wana vidole kama sisi.

Na kwa wale waliouliza kwa nini nisijenge ndege ya kwetu, swali ni zuri na jibu liko kwenye meza yangu tayari. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946 na likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani, na katika miaka yake liliruka na ndege aina ya DC-3, mashine ile ile ambayo wakati wa vita iliitwa Dakota na ikadondoshea watu kama babu yangu chakula huko Burma. Ramani nimeshanunua. Ina mbavu nyingi kuliko Spitfire na injini mbili, na peke yangu itanichukua miaka minne, wakati visa yangu imebakiza mmoja na nusu. Tukiwa wanane tunaimaliza kabla sijaondoka.

Dada Mwenyekiti, bado nakuheshimu, na kiti cha kwanza kwenye hiyo meza ya Jumamosi ni chako. Msasa nitaleta mimi.